Kasha la Bi Harusi

Jirani zangu wa Mji wa Kale, Mombasa, mtu na mkewe, wabishana tangu posa ya binti yao ikubaliwe: atiliwe kitabu gani kashani mwake?

Bwana ashikilia Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, aliousikia kwa nyanya yake kabla hajajua kusoma. "Humo mna adabu yote ya mke kwa mumewe."

Bibi, aliyekuwa akitumiminia kahawa, akacheka. "Bwana, wewe wasoma nusu. Yule alikuwa mjane, tena mgonjwa, akimuusia bintiye Mwana Hashima. Mimi humo namsikia mama aagaye. Nyinyi wanaume mwamsikia mume tu!"

Yeye ataka Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, tungo za gerezani tangu 1969 hata 1972, zilizochapwa 1973. "Kijana alifungwa kwa waraka alioandika, wala hakufyata ulimi. Binti na ayajue na hayo."

Bwana alinyamaza kitambo. Nami, nakiri, sikuwa na la kumtetea. Kisha akaomba asomewe utendi ule upya, ila asome bibi. Kahawa zetu zikapoa.