Harambee hulipa bili ya hospitali, nauli na unga je?

MGONJWA wa saratani ya mlango wa kizazi anapoanza tiba ya mionzi, kwa kawaida hutakiwa kufika hospitalini siku 5 kwa wiki, kwa muda wa wiki 5 hivi. Kila mara hulala chini ya mashine kwa dakika chache tu, kisha huambiwa aende zake hadi kesho.

Aende wapi? Hilo ndilo swali ambalo bima haijalijibu, na ambalo wafanyabiashara wa Nakuru wanaweza kulijibu kuliko wanavyodhani.

Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru, ambayo wakazi wengi wangali wanaiita PGH, hupokea wagonjwa kutoka Molo, Kuresoi, Gilgil na hata kaunti jirani kama vile Baringo na Nyandarua. Kwa miaka mingi, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma yenye mashine za mionzi, na mgonjwa wa Nakuru alisafiri takriban kilomita 160 kuifikia. Kituo cha saratani mjini Nakuru kimeifupisha safari hiyo. Hata hivyo, kwa anayetoka Olenguruone au Marigat, kwenda na kurudi kila siku ni muhali. Sharti apange chumba au ajisitiri kwa jamaa.

Akikosa nauli, hakosi siku moja tu. Wataalamu hushauri kwamba tiba nzima ya saratani hiyo, pamoja na mionzi inayotolewa kwa ndani, ikamilike katika muda wa wiki 8. Ikicheleweshwa, uwezekano wa kuuangamiza uvimbe hupungua. Ndiyo kusema shilingi mia chache zilizokosekana Jumanne zaweza kuharibu kazi ya mashine ya mamilioni.

Bima nayo ina mipaka yake. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, ilitenga Sh400,000 kwa kila familia kwa mwaka kugharimia tiba ya saratani, na Sh150,000 zaidi kutoka kwa hazina ya maradhi sugu. Fedha hizo hulipwa hospitali. Hakuna hata senti inayomfikia mwenye nyumba, kondakta wa matatu au muuza duka aliyekopesha unga.

Na mapato hukatika wakati huo huo. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara katika mwaka mzima. Asipokuwa na mkataba ulio bora zaidi, mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha humaliza siku hizo kabla tiba haijafika nusu. Kibarua na mchuuzi hawana hata hizo. Anayepewa dawa za kemikali naye huonywa kwamba homa ikimpanda, hata kama ni usiku wa manane, akimbilie hospitalini mara moja, kwa kuwa kinga ya mwili imeshuka. Kwake, nauli ya teksi ni sehemu ya matibabu.

Wakenya si wachoyo. Mnamo 2015, walipoombwa mitandaoni Sh1 milioni za kumtibu mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeugua saratani ya ubongo, walichanga zaidi ya Sh6 milioni katika siku chache. Lakini nani huchapisha kadi za harambee kuomba pesa za mkate? Mwenye shida huona haya, na jirani hudhani bima imemaliza yote. Tena harambee huleta fedha kwa siku moja, ilhali njaa hubisha hodi kila asubuhi.

Hapa ndipo mfanyabiashara ana nafasi asiyokuwa nayo mchangaji mwingine. Kiti cha matatu kinachoondoka kitupu kutoka Molo hakimgharimu mwenye gari kama kinavyomgharimu abiria. Chumba cha gesti kisicho na mgeni katikati ya wiki ni vivyo hivyo. Mwenye kinu hununua mahindi kwa gunia wakati wa mavuno, mgonjwa hununua unga kwa kilo. Wenye vibanda 10 wakitenga sehemu ya mauzo ya siku moja kila mwezi, wanaweza kufungua daftari katika duka moja karibu na hospitali, mgonjwa achukue unga, maziwa na sabuni bila kueleza maisha yake kwa mtu.

Kuhusu nani asaidiwe, heri kumwachia afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali au nyumba ya kutunza wagonjwa mahututi, ambao hujua ni nani hakufika jana. Njia ya shirika la hisani lililosamehewa kodi ina faida nyingine: mchango wa fedha taslimu kwa shirika kama hilo huondolewa katika mapato yanayotozwa kodi. Gunia la unga alilokabidhiwa mgonjwa mwenyewe halihesabiwi.

Halafu kuna suala la picha. Kampuni nyingi hupenda kupigwa picha zikikabidhi hundi kubwa ya karatasi. Mwanamke aliyenyonyoka nywele kwa sababu ya dawa, na ambaye huenda hajawaambia hata wakwe zake, atauacha mfuko huo wa unga mezani.