Maporomoko: ya Maji au ya Theluji?

Neno maporomoko halimsumbui mwanafunzi anayesoma habari za Victoria au Kalambo. Maji yanashuka kwa kishindo kutoka juu ya genge, na picha inamjia mara moja. Ugumu huanza neno hilo linapopelekwa kwenye milima ya Rockies, magharibi mwa Kanada, ambako barabara moja huweza kupita kando ya maji yanayoporomoka na chini ya miteremko ambayo theluji yake huporomoka pia.

Mfano mzuri ni barabara ya kutoka Lake Louise hadi Jasper, yenye urefu wa kilomita 232 hivi, ndani ya hifadhi za taifa za Banff na Jasper. (Kuziita mbuga hakufai: mbuga ni uwanda wa nyasi, na hapa ni vilele na misitu.) Wasafiri wengi huipita kwa gari la malazi, yaani gari lenye kitanda na jiko ndani yake. Wapo wafasiri wanaoliita msafara kwa kulifuata neno karavani, lakini msafara ni watu, wanyama au vyombo vinavyosafiri pamoja; gari moja si msafara. Njiani mna maziwa ya Bow na Peyto, ambayo rangi yake ya samawati hutokana na unga laini wa mawe yaliyosagwa na mito ya barafu. Mna pia Maporomoko ya Athabasca, ambayo hayafiki mita 25 kwa kimo ingawa nguvu ya maji yake ni kubwa. Na kuna sehemu ambazo vibao huwakataza madereva kusimama kwa sababu ya theluji iliyo juu yao.

Mathalani, kibao cha namna hiyo kifasiriwe: “Maporomoko mbele.” Msomaji wa Kiswahili atapunguza mwendo, atafute pa kuegesha, ashuke apige picha. Atakuwa amefanya hasa kile alichokatazwa.

Kosa si la msomaji. Kitenzi poromoka hueleza namna ya kushuka, kwa wingi na kwa kasi, bila kutaja kinachoshuka. Ndiyo maana jengo huporomoka, bei huporomoka, na udongo wa mlimani huporomoka baada ya mvua za masika. Nomino maporomoko imerithi ukimya huo. Mazoea ndiyo yaliyoifungamanisha na maji, hata kivumishi cha a-unganifu kikawa kinaachwa. Katika habari za Kalambo kukiacha hakuna madhara. Katika tangazo la usalama lazima kitajwe: maporomoko ya theluji. Barafu nayo isichanganywe na theluji, japokuwa neno lenyewe lina asili ya Kiajemi, na huko maana yake ni theluji. Katika Kiswahili barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Maporomoko ya barafu ni jambo jingine, la vipande vinavyomeguka kutoka kwenye mto wa barafu.

Jozi ya poromoka na poromosha, iliyo sawa na anguka na angusha, ina faida yake hapa. Katika Rogers Pass, njia nyingine ya milimani nchini humo, wanajeshi huipiga miteremko kwa mizinga ili theluji ishuke wakati barabara imefungwa. Tangazo lisemalo “theluji inaporomoka” humfanya dereva akimbie. “Theluji inaporomoshwa” humwambia kwamba yupo anayeisimamia kazi hiyo, naye asubiri.

Wanyama nao wana mtego wao. Wapiti hufasiriwa mara nyingi kuwa kulungu, na msomaji wa Afrika Mashariki humfikiria mnyama wa vichakani anayetoweka aonapo mtu. Dume la wapiti huweza kuzidi kilo 300, na wakati wa kupandana hushambulia watu. Kanuni za hifadhi hizo huagiza umbali wa mita 30 kutoka kwake, na mita 100 kutoka kwa dubu. Ni afadhali kuandika wapiti, kueleza ukubwa wake mara moja, kisha kuuweka umbali huo katika sentensi hiyo hiyo.