Jiwe halizoei

Kwa wakrezeri wengi, saa ya kugawa feza ni ngumu kupita saa ya kushuka mu shimo. Gunia limekwisha kupimwa ku depo, negosia amelipa, na mutu mumoja ndiye anashika makuta ya ekipi nzima. Anaweza kusema bei ilishuka. Nani atajua?

Siye tunapenda kusema: «Ule alizaliwa mwizi, ni roho yake.» Aristote, mwalimu wa Wagiriki aliyezaliwa mwaka wa 384 mbele ya Yesu, hakukubali vile. Alitoa mufano wa jiwe: ulitupe juu hata mara 10.000, litaanguka tu, halizoei kupanda. Mutu yeye anazoea. Mujenzi anajua kujenga kwa kujenga, na akijenga vibaya kila siku anakuwa mujenzi mubaya. Vilevile mutu anakuwa wa haki kwa kutenda haki. (Tuseme ukweli: kule kwao Ugiriki, feza ya Laurion ilichimbwa na watumwa, na haki yao haikuhesabiwa.)

Basi mwenye kuficha franka 500 leo, hafichi paka franka 500. Mukono wake unajifunza njia. Kesho hatakuwa na lazima ya kufikiri. Na mwenzake anayeweka yote mbele ya ekipi, hata deni la nyumba likimungojea, mukono wake nao unajifunza. Mara ya kwanza inauma. Aristote aliona ni hapo pa kumupimia mutu: akigawa sawa lakini roho inanungunika, bado yuko njiani, akigawa na roho inafurahi, amefika.

Ni vile kwa uhodari. Kanuni ya madini inasema shimo la mukrezeri lisipite metre 30. Anayepita hapo juu anaogopa kuchekwa na wenzake, tunamwita hodari; kwetu siye ni woga wa namna ingine. Kusimama pa 30, wengine wakicheka, nako kunafunzwa kwa kusimama.

Alisema tena kwamba malezi ya utoto yanabadilisha karibu kila kitu. Hii wamama wanaijua bila kitabu. Mutoto anatumwa kununua unga, anarudi, na mama anamuomba ahesabu feza iliyobakia mbele yake, hata kama ni franka 100. Hamutukani, hamupekui mifuko. Anangoja tu mutoto ahesabu kwa sauti, kisha anamutuma tena kesho yake.