Utambuzi wa Aina za Namba za Desimali Katika Mifumo Tofauti ya Kompyuta

Programu iliyofanya kazi vizuri katika kompyuta moja inaweza kuhamishiwa katika nyingine ikagoma au, jambo ambalo ni baya zaidi, ikatoa majibu yasiyo sahihi bila onyo lolote. Miongoni mwa vyanzo vya tatizo hilo ni namna programu inavyotambua aina ya namba ya desimali iliyopewa.

Kwa mujibu wa kiwango cha IEEE 754 kilichopitishwa mwaka 1985, ambacho Profesa William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa miongoni mwa waasisi wake wakuu, namba ya usahihi maradufu huhifadhiwa katika biti 64: moja ya alama, 11 za kipeo na 52 za tarakimu. Mpangilio huo una aina tano: sifuri, namba za kawaida, namba ndogo mno zisizofikia kiwango cha kawaida, namba isiyo na ukomo, na ile iitwayo "si namba", ambayo hupatikana, kwa mfano, sifuri inapogawanywa kwa sifuri.

Aina hiyo ya mwisho ndiyo yenye hila. Ukiuliza kama ni kubwa kuliko, ni ndogo kuliko au ni sawa na namba yoyote, jibu ni hapana, hata inapolinganishwa na yenyewe. Hivyo, programu iliyoagizwa kukataa malipo yanayozidi shilingi 1,000,000 itaipitisha, kwa kuwa "haizidi" kiwango hicho. Ikishajumlishwa na malipo mengine, jumla yote nayo huwa si namba.

Kwa miaka mingi kila mfumo ulikuwa na njia yake ya kuibaini. Unix za tawi la BSD zilitumia isnan, za System V zilikuwa na fpclass, na Microsoft ilitumia _isnan na _fpclass. Wapo waliosoma biti moja kwa moja, wakasahau kuwa mpangilio wa baiti hutofautiana kati ya kompyuta na kompyuta.

Kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1999 kilileta fpclassify, inayorudisha jina moja kati ya matano, likiwemo FP_NAN. Kinachopaswa kutumika ni jina, si tarakimu iliyo nyuma yake: katika Linux FP_NAN ni 0, ilhali katika macOS ni 1. Anayehifadhi tarakimu hiyo katika faili na kuisoma kwenye mfumo mwingine hujitafutia matatizo.

Hata hivyo, kompaila ya GCC ikipewa agizo la kuharakisha hesabu, -ffast-math, huchukulia kuwa "si namba" haipo kabisa, na inaweza kuuondoa ukaguzi wenyewe. Kwa sababu hiyo, majaribio hufanywa kwa maagizo yaleyale yatakayotumika katika programu ya mwisho, kwenye kila mfumo itakakopelekwa.