Zukini za Mviringo katika Bustani ya Nyumbani: Maelezo kwa Wakazi wa Kwedizinga na Jirani Zake

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Kwedizinga, pamoja na wenzao wa sehemu nyingine za Handeni na Korogwe, wanaletewa maelezo haya kuhusu upandaji na utunzaji wa zukini za mviringo katika bustani za nyumbani. Shabaha ya maelezo ni kufafanua jambo linalowakatisha tamaa wapandaji wengi wa mboga hii. Mmea hustawi vizuri na kutoa maua mengi ya manjano, kisha maua hayo hupukutika yote bila ya kuacha tunda. Lawama hutupiwa mbegu au udongo, ilhali mara nyingi vyote viwili havina kosa. Kilichokosekana ni uchavushaji.

MMEA WENYEWE

Zukini ni jamaa ya boga. Asili ya mmea ni Meksiko na Marekani ya Kaskazini, na zukini kama zinavyofahamika leo zilitokana na kazi ya wakulima wa kaskazini ya Italia mwishoni mwa karne ya 19. Miongoni mwa aina za mviringo zinazojulikana sana ni Ronde de Nice ya Ufaransa na Tondo di Piacenza ya Italia. Zukini nyingi hukua kama kichaka wala hazitambai mbali kama boga, kwa hiyo mita 1 kutoka shina hadi shina inatosha.

Mmea huu usichanganywe na mumunye la jamii ya vibuyu. Mumunye hilo hutoa ua jeupe linalofunguka jioni. Zukini hutoa ua la manjano linalofunguka alfajiri na kusinyaa kabla ya adhuhuri. Msomaji aizingatie saa hiyo, kwani itahitajika hapo mbele.

WAKATI WA KUPANDA NA MATAYARISHO

Sehemu hizi hupata mvua za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Zukini hazipendi mvua kubwa, kwani unyevu mwingi juu ya majani huleta ukungu. Inashauriwa mbegu zifukiwe masika yanapoelekea mwisho, udongo ukiwa bado na unyevu. Zukini huanza kuchumwa baada ya siku 45 hadi 55, hivyo mbegu iliyofukiwa katikati ya Mei huleta mboga jikoni mapema mwezi Julai, wakati majani ya porini na ya shambani yamekwisha kukauka.

Matayarisho yafanywe kwa utaratibu ufuatao:

(a) Yachimbwe mashimo yenye kina na upana wa sentimita 30, mahali penye jua la kutosha. Kila shimo lijazwe udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi.

(b) Zifukiwe mbegu 2 au 3 katika kila shimo, kina cha sentimita 2 hadi 3. Miche ikishatoa majani mawili ya kweli, ubakishwe mmoja ulio na nguvu.

(c) Pasipandwe mahali palipokuwa na maboga, matango au matikiti katika misimu miwili iliyopita, kwani wadudu na maradhi yao ni yale yale.

MATUMIZI YA MAJI

Thamani ya maji katika Handeni haihitaji kuelezwa. Katika miaka ya 1970 lilijengwa bomba kuu la Handeni, lijulikanalo kwa kifupi kuwa HTM, ili kuyaleta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe. Kwa sababu hiyo familia inashauriwa kuanza na mashina 4 tu. Shina moja lililokomaa huridhika na maji yapatayo lita 5 kila baada ya siku mbili, na hivyo debe moja la lita 20 hutosheleza mashina yote manne. Maji yaliyooshea mchele na mboga yanafaa. Yenye mafuta au sabuni kali hayafai.

Maji yamiminwe penye shina, asubuhi au jioni, wala yasimwagiwe majani. Udongo ufunikwe kwa nyasi kavu ili unyevu usipotee, lakini nyasi zisigusane na shina.

KUSAIDIA UCHAVUSHAJI

Shina moja la zukini hubeba maua ya namna mbili. Ua dume husimama juu ya kikonyo chembamba na kirefu. Ua jike hutambulika kwa kitunda kidogo cha mviringo kilicho chini ya petali zake. Maua dume hutangulia kuchanua, pengine kwa wiki nzima, na kupukutika kwake ni jambo la kawaida lisilopasa kumtia mtu wasiwasi. Hasara ipo pale kitunda cha ua jike kinapogeuka manjano na kuoza nchani. Hiyo ni dalili kwamba chavua ya ua dume haikukifikia.

Chavua ya zukini ni nzito na yenye kunata, haichukuliwi na upepo. Kazi hiyo ni ya nyuki. Pale ambapo nyuki ni wachache, au dawa zimewaua, mwenye bustani aifanye mwenyewe kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi. Achume ua dume lililofunguka siku hiyo, aondoe petali zake, kisha aipake chavua taratibu katikati ya ua jike, akigusa pande zote. Ua dume moja hutosha maua jike mawili au matatu. Katika siku chache kitunda kilichochavushwa huonekana kikinenepa. Kazi hii hutimizwa kabla ya mtumishi kwenda ofisini au mtoto kwenda shule.

WADUDU NA MARADHI

Nzi wa matunda hutoboa tunda changa na kutaga mayai ndani yake. Matunda yenye funza yasitupwe jalalani, bali yafukiwe kina kisichopungua sentimita 50. Tunda changa lililokwisha kuchavushwa laweza kufungwa kwa karatasi ili nzi wasilifikie. Vidukari huondolewa kwa maji yaliyotiwa sabuni kidogo. Majani yenye vumbi jeupe la ubwiri unga yakatwe mapema, na shina lililopatwa na batobato ling'olewe lote. Endapo itabidi kutumia dawa ya dukani, ipulizwe jioni maua yakiwa yamefunga, ili nyuki wasidhurike. Anayeua nyuki hupoteza mavuno yake mwenyewe.

UCHUMAJI, NA TAHADHARI MUHIMU

Zukini ya mviringo huchumwa ikiwa na ukubwa wa chungwa, yaani upana wa sentimita 7 hadi 10. Itumike kisu, na kikonyo kidogo kiachwe kwenye tunda. Tunda likiachwa likomae, ganda huwa gumu na shina hupunguza kuzaa. Uchumaji wa kila baada ya siku mbili huufanya mmea uendelee kutoa maua.

Wananchi wanatahadharishwa juu ya zukini chungu. Mbegu zilizotunzwa nyumbani kutoka kwa mimea iliyochanganyika na maboga ya mapambo, au ya mwituni, ya jamii hiyo hiyo, zaweza kuzaa matunda yenye sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwezi Agosti 2015, katika mji wa Heidenheim nchini Ujerumani, mzee wa miaka 79 alifariki dunia baada ya kula zukini chungu zilizolimwa bustanini. Kabla ya kupika, kipande kidogo kionjwe kwa ncha ya ulimi. Kikiwa kichungu, kitemwe, tunda litupwe na shina lake ling'olewe. Mtu asile mboga hiyo kwa kumwonea haya aliyeipika. Mbegu za msimu unaofuata zinunuliwe katika duka la pembejeo linaloaminika.

Mwananchi mwenye swali amwone Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yake, akiwa amechukua ua au tunda lililoharibika ili apewe ushauri unaofaa. Wenye nafasi ndogo nao wasikate tamaa. Mashina manne yanayokaguliwa kila asubuhi huleta mboga nyingi kuliko mashina ishirini yaliyopandwa na kusahauliwa.