Je, Wajua? Shimo Moja Linatosha Kugeuza Mabanzi Kuwa Rutuba

Je, wajua kwamba katika bonde la mto Amazon, nchini Brazili, kuna udongo mweusi uliotengenezwa na watu? Udongo wa asili wa huko ni dhaifu, maana mvua huosha virutubisho vyake. Lakini penye mahame ya kale, wenyeji walichanganya ardhini mkaa, mifupa ya samaki na mabaki ya jikoni kwa karne nyingi, na rutuba ile ipo mpaka leo. Vigae vya vyungu vyao bado huokotwa humo. Mtaalamu wa udongo kutoka Uholanzi, Wim Sombroek, aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1966.

Siri kubwa ni mkaa. Mti ukioza au ukiungua hadi majivu, karibu kaboni yake yote hurudi hewani. Ukigeuzwa mkaa na kufukiwa, sehemu kubwa ya kaboni iliyobaki humo hudumu mamia ya miaka. Mkaa huu wa shambani ndio bayocha.

Je, wajua kwamba unaweza kuutengeneza bila tanuri? Mwaka 2014, Hans-Peter Schmidt na Paul Taylor walibuni tanuri la chuma lenye umbo la koni, wakaliita Kon-Tiki. Baadaye ikaonekana kwamba shimo la umbo hilohilo, mdomo mpana na kitako chembamba, kina kisichozidi mita moja, linafanya kazi ileile. Gharama yake ni jembe na jasho.

Chukua mabanzi yanayorundikana kwenye mashine za mbao kule Mufindi, Tanzania. Yakikauka vizuri, panga machache shimoni na uyawashe kwa juu, si kwa chini kama moto wa kupikia. Ndimi za moto zikitanda juu hula hewa yote ya oksijeni, hivyo kuni za chini hugeuka mkaa bila kuteketea. Moshi nao hupita katika ndimi hizo ukaungua, ndiyo maana shimo linaloendeshwa vizuri halifuki. Kaa karibu uangalie: utando wa majivu meupe ukianza kujitokeza juu ya makaa, tandaza safu nyingine nyembamba. Ukichelewa, mkaa utaliwa. Ukijaza kuni nyingi kwa pupa, moshi utakutoa machozi. Unga wa mbao usiutie, huukosesha moto hewa. Shimo likijaa, zima kwa maji mengi, kwani kaa moja lililosalia na moto linaweza kuteketeza kazi ya siku nzima. Kilo 100 za mbao kavu hutoa takriban kilo 20 za bayocha.

Utajuaje kama umeiva? Mkaa mzuri huvunjika kwa mlio mkavu, na weusi wake hutoka mkononi kwa maji matupu. Ukidai sabuni, bado una lami.

Na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa bure: bayocha mbichi si mbolea. Vitundu vyake vidogo mno hufyonza, na ukiimwaga ikiwa tupu inaweza kunyang'anya mimea naitrojeni kwa muda. Ilishe kwanza. Iponde, iloweke kwenye mkojo wa ng'ombe au ichanganye na samadi na mboji, ikae wiki kadhaa.

Je, wajua kwamba sisi wa nchi za joto ndio tunaofaidika zaidi? Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha mavuno ya ukanda wa tropiki yakiongezeka kwa wastani wa asilimia 25, huku ya nchi za baridi yakibaki vilevile. Sababu mojawapo ni kwamba udongo wetu mwingi ni wenye tindikali, na bayocha huipunguza. Palipo na udongo wa magadi, usijisumbue.

Hakuna haja ya kufunika ekari nzima. Mkulima mdogo anaweza kuitia kwenye mashimo ya kupandia tu, msimu huu mashimo haya, msimu ujao mengine.

Tahadhari mbili nazisisitiza kwa moyo wote. Mbao zilizopakwa rangi na vipande vya nguzo zilizotiwa dawa visiingie shimoni kamwe, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zina aseniki, sumu itakayobaki shambani. Na mti ulio hai usikatwe kwa ajili ya kazi hii, maana mabanzi, matawi ya kupogolea na magunzi yapo tele.