Simu Inajizima Ukituma Pesa: Ni Virusi au Ni Betri?

Shangazi yangu anauza mitumba Gikomba. Juzi alikuwa anamlipa mtu wa mabelo: akaweka kiasi, akaweka PIN, simu ikazimika. Alipoiwasha hakuona ujumbe wowote, basi akatuma tena. Dakika chache baadaye jumbe zikaingia mbili. Bahati yake, yule mtu wamefanya biashara miaka mingi na akamrudishia. Lakini jioni nilipigiwa simu: "Wewe si unafanya kazi na hawa watu wa pesa? Hebu niambie, hii simu yangu imeingia virusi?"

Kabla ya virusi, tuanze na ile pesa. Muamala haufanyiki ndani ya simu yako. Simu inapeleka ombi tu, kazi yenyewe inafanyika kwenye mitambo yetu. Ombi likishaondoka, hata simu ikianguka kwa ndoo ya maji pesa itaenda. Kwa hivyo simu ikijizima katikati, usitume tena. Iwashe, angalia salio au omba taarifa fupi ya akaunti, kisha ndio uamue. Kama haiwaki kabisa, toa laini uiweke kwenye simu nyingine uangalie hapo.

Sasa virusi. Swali la kwanza ninalomuuliza mtu ni: ilianza lini? Kama ilianza polepole, mwezi baada ya mwezi, mara nyingi ni uzee tu. Betri za simu ni za lithiamu, na zikichoka haziwezi kutoa nguvu nyingi kwa ghafla, kama vile wakati simu inatafuta mtandao uliopotea au unapofungua kamera. Ndiyo maana simu inaonyesha asilimia 30 na bado inazima. Jaribu hivi: iweke kwa chaji, ufanye yale yale yanayoizima kwa kawaida. Ikitulia ikiwa kwa chaji na kuzima ikitolewa, mshuku betri. Na ukiona kifuniko cha nyuma kimeinuka, betri imevimba; acha kuitumia na usijaribu kuitoboa.

Jua pia linachangia. Simu ikipata joto sana inapunguza kasi au inajizima yenyewe ili isiharibike, na ukiiweka juu ya meza ya kibanda saa saba mchana, usishangae. Halafu kuna nafasi. Nenda kwa mipangilio uangalie hifadhi. Zile video zote za kikundi cha familia zikijaza simu mpaka pomoni, kila kitu kitakwama, hata kufungua ujumbe.

Lakini kama ilianza ghafla, siku moja au mbili baada ya kuweka programu mpya, hapo tuongee vizuri. Hasa kama programu hiyo ilitoka kwa linki ya WhatsApp: mkopo wa haraka, mechi za bure, zawadi ya kampuni fulani.

Ukweli ambao wengi hawaujui ni huu: virusi vya kuiba pesa havipendi kuizima simu. Vinataka ukae bila wasiwasi, uendelee kuweka PIN. Simu inayozimika-zimika inaweza kuwa nzima kabisa ila betri, na simu inayoteleza vizuri ikawa ndiyo imeingiliwa. Usipime usalama kwa kuzima peke yake. Angalia mambo mengine: matangazo yanatokea hata kama hujafungua chochote, data inaisha kabla ya wakati, simu ina joto ikiwa imelala mfukoni, kuna programu hukumbuki kuiweka.

Kwa simu za Android, kuna jaribio la bure. Bonyeza kitufe cha kuzima, kisha ushikilie kwa muda maandishi ya kuzima yanayotokea kwenye skrini. Simu nyingi zitakuuliza kama unataka hali salama, yaani "Safe mode". Ukiwa humo, programu zote ulizoweka mwenyewe zinalala. Itumie simu kwa saa kadhaa. Ikitulia, mkosaji huenda ni mojawapo ya hizo programu. Iwashe upya kawaida, uanze kuziondoa moja moja, ya mwisho kuwekwa iwe ya kwanza kutoka. Ikiendelea kuzima hata humo, rudi kwa betri na fundi.

Kisha fungua Play Store, gusa picha yako juu, ingia Play Protect, uagize ukaguzi.

Hatua ninayoiona muhimu kuliko zote ni hii: kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya ufikivu, palipoandikwa "Accessibility". Iliwekwa kusaidia watu wasioona vizuri au wenye shida ya kutumia mikono. Programu ikipewa ruhusa hiyo inaweza kusoma kilicho kwenye skrini na hata kubonyeza kwa niaba yako. Programu ya mkopo au ya mpira haina biashara hapo. Angalia pia nani ameruhusiwa kusoma SMS zako.

Ukipata kitu cha kushuku, zima data na Wi-Fi kwanza. Usibadilishe PIN kwenye simu hiyo, kwa sababu utakuwa unamwonyesha mwizi PIN mpya. Hamisha laini kwenye simu nyingine, hata mulika mwizi, ubadilishe hapo, kisha upigie huduma kwa wateja. Baadaye hifadhi picha zako na urudishe simu kwenye hali ya kiwandani. Kwa kawaida hiyo inatosha, ingawa si kila mara: mwaka 2019 kulijulikana kirusi kimoja cha Android, xHelper, kilichokuwa kinarudi hata baada ya hatua hiyo. Kikirudi, mpelekee fundi aweke upya mfumo mzima.

Fundi mwenyewe mpe simu bila laini. PIN haimhusu, hata akisema anataka "kujaribu kama inatuma".

Shangazi alitoa laini kabla ya kwenda Luthuli Avenue. Fundi wa kwanza alitaka kumtoza pesa ya "kuosha virusi" bila hata kuiwasha simu. Wa pili alibadilisha betri, na simu haijazima tena.